Mlio Uliosikiwa na Mukarugwiza Peke Yake

Saa moja asubuhi mjini Kamembe, na fundi Vénuste anagawa viti.

"Maman, weye unakalaka wapi? Dirishani? Ingia dirishani. Na weye katikati. Mchungaji, shika usukani sawa siku ya Yenga."

Yenga ni Jumapili. Wanakwaya watatu wanajipenyeza kwenye kiti cha nyuma cha gari la Mchungaji Hakizimana, wakikusanya vitenge vyao na kucheka. Gari hili lina mlio. Unatoka Jumapili tu, wakati wa kurudi kutoka ibadani, na siku nyingine zote gari linanyamaza kama limekula yamini.

"Na tuimbe?" anauliza mmoja wao kwa mzaha.

"Munaimbaka?"

"Tunaimbaka."

"Basi muimbe."

Wanaimba. Mwandishi wa makala haya amepewa kiti cha mbele kwa heshima ya ugeni. Fundi mwenyewe amejikunja sakafuni, miguuni pa wanawake hao, shavu kwenye zulia, macho ameyafumba. Ni mwanamume wa miaka arobaini na mitano, mrefu, mabega yameinama kwa kuishi juu ya injini tangu ujana wake. Gari linateremka barabara ya Cyangugu, Ziwa Kivu linaonekana kwa chini kati ya migomba, na kabla wimbo haujaisha fundi anainua mkono.

"Musimame. Gari haina kosa. Ni kiwiko cha Maman."

Kumbe mama wa dirishani, kila anapopandisha sauti, husukuma mlango kwa kiwiko, na kitasa kilicholegea hucheza. Bisibisi, nati moja, basi. Kwaya inapiga makofi, isipokuwa mwenye kiwiko, ambaye anasema ameonewa mbele ya mwandishi wa habari.

Mafundi wenzake wanamcheka sana Vénuste kwa mtindo huu. Katika kazi yao, mlio hutafutwa kwenye gari tupu. Unateremsha watu, unatoa mizigo, unazima redio, ndipo unategesha sikio. Ndivyo Vénuste mwenyewe alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, tena kwa ukali uliomtangulia mjini. Aliwahi kumteremsha mkuu wa shule na suti yake kwenye matope ya masika, ati anapumua kwa kelele.

Aliyembadilisha ni mama mmoja mzee anayeitwa Mukarugwiza.

Vénuste alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, kwa wazazi waliotoka Rwanda na kuishi ukimbizini. Ufundi aliupata Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwenye gereji ya mtu mmoja wa kabila la Washi aliyeitwa Mzee Mushagalusa. Mzee huyo alikuwa na jicho moja zima na masikio ya kutisha. Aliweza, anasimulia Vénuste, kulala kwenye kiti cha mbao akakoroma, kisha akaamka kumwambia mwanafunzi aliye uani kwamba nati aliyoishika siyo.

"Na sheria yake ilikuwa moja," anasema Vénuste. "Bantu bote inje! Hata mwenye gari. Hata bibi yake mwenye mimba. Inje! Mzee alikuwa anasema, gari haisemake kweli mbele ya bantu. Miye nilibeba ile sheria nikavuka nayo, sawa vile muntu anabeba sufuria ya mama yake."

Alivuka mwaka 1994, wengi wa Wanyarwanda wa Bukavu walipoanza kurudi. Alianzia chini ya turubai, kando ya soko la Kamembe. Siku hizi ana uzio wa mabati, shimo la kushukia chini ya gari na kipande cha mpira wa bomba anachokitumia kusikilizia injini, ncha moja sikioni, nyingine ikitembea juu ya chuma. Siku nzuri huingiza faranga elfu tatu au nne. Siku nyingine harudi na chochote ila harufu ya mafuta, anasema mkewe, Antoinette, na harufu hiyo haipikiki.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2005, kijana mmoja dereva wa teksi, Cyusa, aliingia gerejini na Peugeot 504 ya zamani, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Papa Vénuste, mama yangu anasikia kitu," alisema.

"Na weye?"

"Mi sisikie kitu."

Mama yake ni Mukarugwiza. Ana miaka sitini na mitano, na nyonga aliyoivunja zamani haimruhusu kubanwa kwenye basi dogo. Akitaka kwenda popote ni lazima apelekwe na gari la mwanawe. Na mwaka huu alikuwa na mahali pa kwenda, tena kwa haraka. Binti yake wa mwisho, Umuhire, aliyeolewa na mkulima wa mpunga huko Bugarama, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza mwezi Desemba.

Msomaji asiyezijua desturi za huku na aelewe uzito wa jambo hili. Mwanamke akijifungua, ndugu na marafiki humwendea na maziwa, uji na vinywaji, wakakaa naye, wakambeba mtoto, wakamshukuru mama kwa kazi aliyofanya. Wanyarwanda wanaiita guhemba. Na katika wote wanaongojewa, hakuna anayengojewa kama mama mzazi. Ndugu wa mume wa Umuhire walikwenda. Majirani wa mashamba ya mpunga walikwenda, Wakristo kwa Waislamu. Mama hakwenda.

Kila alipopanda gari, hawakufika mbali kabla hajamgusa mwanawe begani. "Simama. Iko inagonga." Anateremka, anashika fimbo yake, anarudi nyumbani kwa miguu na kibuyu chake cha maziwa.

Mukarugwiza anausimulia mlio huo bila haraka, mikono imelala juu ya magoti.

"Haikuwe kubwa. Ka-ka-ka. Inanyamaza. Ka-ka-ka. Chini yangu, inapanda mu mifupa. Na ikianza, miye siko tena Kamembe. Niko mu ile barabara."

Barabara anayoisema ni ya mwaka 1996. Wanyarwanda wa Bukavu walikuwa wameanza kukamatwa mitaani. Mumewe, Bimenyimana, aliwapakia mke na watoto wawili kwenye gari hili hili, akaliendesha mchana kweupe hadi daraja la Rusizi huku milio ya risasi ikisikika mbali nyuma yao. Aliwavusha. Aliwateremsha upande wa Cyangugu, akampa mkewe ufunguo wa gari, kisha akarudi ng'ambo kwa miguu kumchukua mdogo wake. Hakuna aliyemwona tena. Hadi leo hakuna aliyewaambia alipolala.

Kwa hiyo Cyusa aliposema mama yake anasikia kitu, fundi alielewa kwamba si suala la kitasa.

Alifanya kama alivyozoea. Alimkalisha Cyusa kwenye benchi la gereji, akachukua ufunguo, akaliendesha gari peke yake hadi mpakani na kurudi. Akalipeleka kwenye vumbi na mashimo. Milio ilikuwepo, gari la umri ule halikosi, lakini yote aliifahamu, akainyamazisha mmoja mmoja. Alikaza shokomzoba. Alibadilisha bushi. Aling'oa kiti cha nyuma akakuta vifuniko vya chupa, kitana na punje za rozari iliyokatika. Alirudisha gari akiwa na uhakika.

Mukarugwiza alipanda. Hawakulipita soko. "Simama, Cyusa."

Gari likarudi gerejini. Fundi akaanza upya, akaendesha tena, tupu, kimya. Hakuna kitu. Likarudi kwa mama. Likarudi kwa fundi. Wiki zikapita hivyo, mtoto wa Bugarama akaanza kucheka, akaanza kukaza shingo, na bibi yake anapewa habari kwa simu ya jirani.

Mtaani maneno yakaanza. Majirani walisema kwa huruma, na huruma ya namna ile inauma kuliko tusi. Walisema mukecuru, yaani bibi kizee, ameshikwa na ihahamuka, ule mshtuko wa vita unaowarudia watu miaka mingi baadaye. Walimshauri Cyusa ampeleke kwa washauri nasaha kwenye kituo cha afya. Hata Cyusa, ambaye anampenda mama yake kupita maelezo, akaanza kusema naye kwa ile sauti ya chini tunayowasemea wagonjwa.

"Niliona wananiangalia," anasema Mukarugwiza. "Nikinyamaza, wananiangalia. Nikicheka, wananiangalia. Mupaka miye nami nikaanza kujiangalia. Nikasema mu roho, kama niko kichaa, baniambie tu, nijue. Ile mulio ilinitesa, ndiyo. Lakini kukosa hata muntu moja wa kusema nasikia na miye... yewe!"

Anasita hapo, anaipangusa pua kwa upindo wa kitenge.

Mwezi Machi Cyusa alikuja gerejini bila gari.

"Papa Vénuste, tuache," alisema. "Gari haina kitu. Ni mama ndiye anaumwa."

Maneno hayo, fundi anasema, yalimkaa vibaya. "Bantu banakuja hapa banadanganya kila siku. Sikugonga kitu, Papa Vénuste. Mafuta niliweka, Papa Vénuste. Lakini mulio? Nani anajitungia mulio? Mulio haimuleteake muntu faida. Nikamwambia Cyusa, miye naenda kuongea na mama yako."

Alikwenda amevaa shati la kanisani. Mukarugwiza alidhani amekuja kudai, au kumpa pole. Fundi akakaa kwenye kigoda, akapokea maziwa, akayanywa yote kama heshima inavyotaka, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Maman, inalia namuna gani? Unionyeshe."

Mama alimtazama kuona kama anamcheka. Alipoona hacheki, alinyanyuka, akarudi na sahani ya bati, akaigonga kwa kucha. Akatikisa kichwa. Hapana, siyo. Akaigeuza sahani, akaishika ukingo mmoja tu, akagonga polepole zaidi.

"Njo ile," alisema. "Njo ile kabisa."

Fundi hakuhitaji zaidi. Bati. Bati jembamba, lililoshikwa upande mmoja. Mgonjwa wa mawazo, anasema Vénuste, hawezi kukuchagulia unene wa bati. Lakini bati hilo liko wapi, na kwa nini yeye, mwanafunzi wa Mushagalusa, halisikii? Akamuuliza mama hukaa kiti gani. Nyuma, upande wa kulia. Hushika nini? Kibuyu. Madirisha? Yamefungwa, kwa ajili ya kifua. Na siku ambazo fundi alikuwa anajaribu gari, yeye mama alikuwa wapi?

"Hapa," alijibu Mukarugwiza. "Hakuna mwenye aliniita."

"Pale nilisikia haya," anasema Vénuste. "Haya ya kweli, mupaka masikio. Ile mulio iko na shahidi mumoja mu dunia yote, na miye njo wa kwanza kumufungia mulango."

Akamwomba wapande pamoja. Mama alikataa. Hatapanda mpaka hicho kitu kitolewe. Fundi akasema hawezi kukitoa bila yeye. Wakavutana hivyo, kwa adabu, hadi uji ukaletwa. Cyusa aliyekuwa amesimama mlangoni akajaribu kumbembeleza kwa ile sauti ya wagonjwa, na fundi akamnyamazisha kwa mkono.

"Maman," alisema, "sikio langu haliijue. Sikio lako linaijua. Sikuombe uvumilie. Nakuomba unisaidie kazi."

Mukarugwiza alichukua fimbo yake. Kisha akauliza kama kuna mahali pa kuweka kibuyu.

Walipanga hivi. Cyusa aendeshe kama anavyomwendesha mama yake siku zote, asibadili kitu. Mama akae kwenye kiti chake. Fundi alale sakafuni miguuni pake, na mama aweke mkono juu ya kichwa chake. Mlio ukianza, abonyeze. Kwa hiyo siku hiyo mjini Kamembe watu waliona fundi Vénuste, yule mkali, ameingizwa kwenye gari na kulala miguuni pa bibi kizee na shati lake la kanisani, na habari ikafika sokoni kabla ya gari.

Cyusa akaondoka. Na hapo sakafuni fundi akaanza kugundua mambo. Kwanza, redio imezimwa. Pili, Cyusa hakuacha kuzungumza, anamsimulia mama yake habari za abiria, bei ya ndizi, chochote, sauti yake ikimzibia masikio huko mbele. Na la ajabu zaidi, gari lilikuwa linakwenda polepole kuliko Vénuste alivyowahi kupanda gari lolote. Cyusa, ambaye mji mzima unamjua kwa kukimbiza abiria wa mpakani huku muziki wa Kilingala unatoka madirishani, alikuwa anaingiza gia ya nne mapema, mguu unagusa mafuta kidogo tu, ili mama asirushwe. Injini ilikuwa inakoroma kwa kulemewa.

Wazee wa milimani wanaujua mwendo huo. Ni mwendo wa ingobyi, ile machela ya kusuka inayobebwa mabegani, mgonjwa akipelekwa hospitali au bibi harusi kwa mumewe. Wabebaji hawakimbii wala hawarukiruki. Wanakwenda hatua laini, kwa sababu wamembeba mtu.

Kwenye kilima kidogo kabla ya Gihundwe, vidole vya Mukarugwiza vikabonyeza.

Na Vénuste akausikia. Ka-ka-ka. Ukanyamaza. Ka-ka-ka.

"Nimeisikia, Maman."

"Unaisikia?"

"Naisikia sawa vile nakusikia weye. Iko. Iko kabisa. Cyusa, usisimame! Endesha vile vile!"

Mukarugwiza hakusema simama. Aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha fundi na kuanza kulia, kwa sauti, bila kujizuia, na Cyusa naye akawa haoni njia vizuri. "Mana yanjye," mama alirudia kumwita Mungu wake, "Mana yanjye, muntu mwingine anaisikia." Walikwenda hivyo hadi juu ya kilima, gari lote linalia, pamoja na bati.

Waliposimama, fundi alitoka akiwa amejaa vumbi na furaha.

"Weye," alimwambia Cyusa, "ukiwa na bengine unakimbia kama umeiba. Ukiwa na mama unatembeza gari mu vitesi ya ine sawa unabeba yai. Ile mulio haiishi mu gari. Inaishi mu ile mwendo yako."

Cyusa alijifunika uso. Miezi mitatu alikuwa anamtafutia mama yake utulivu, na kadiri alivyoendesha kwa upole ndivyo alivyokuwa anauamsha mlio. Fundi peke yake, kwenye gari tupu, mguu mzito, asingeusikia hata angezunguka Afrika nzima.

Gari liliingizwa shimoni likiwa bado la moto. Juu ya bomba la moshi, chini kabisa ya kiti cha nyuma upande wa kulia, kulikuwa na kitu ambacho mkono wa Vénuste ulikuwa umekipitia mara nyingi ukidhani ni sehemu ya gari, kwa jinsi kilivyovaa tope na grisi. Alikikwangua. Lilikuwa bati lililokatwa kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia, yale ya msaada yaliyojaa Bukavu enzi za kambi za wakimbizi. Herufi za bluu bado zinasomeka. Mtu alikuwa amelipinda kwa mkono na kulifunga kwa waya ili joto la bomba lisipande kwenye kiti. Upande mmoja waya ulikuwa umekatika, hivi karibuni tu.

"Hii si kazi ya fundi," Vénuste alisema, akilitoa shimoni ili wenye gari walione. "Nani aliweka?"

Mukarugwiza alilipokea kwa mikono miwili. Hakulitazama bati. Alitazama waya, uliokuwa mwembamba, mwekundu, wa shaba, umesukwa mara nne.

"Ni waya ya radio yangu," alisema.

Kisha akaanza kucheka. Wiki chache kabla ya kukimbia, alieleza, alikuta redio yake imefumuliwa tumbo. Alimgombeza Bimenyimana siku nzima, akamwambia ni mharibifu, akamnyima neno hadi asubuhi. Mume alisema tu kwamba kiti cha nyuma kilikuwa kinapata moto sana, na yeye mkewe alikuwa na nyonga mbaya, asingeweza kubadili upande kama wangesafiri mbali. Mukarugwiza hakuelewa safari gani. Siku walipovuka daraja, hakuwa na nafasi ya kufikiria kama kiti ni cha moto au cha baridi.

"Kumbe miezi hii yote," alisema, "nilikuwa namuogopa bwana yangu."

Vénuste, ambaye anasimulia haya huku akifuta spana iliyokwisha kuwa safi, anasema alitoka nje kidogo kuangalia kama mvua inakuja. Mvua haikuwa inakuja.

Alimuuliza mama kama alitupe bati na kuweka jipya. Akapewa jibu la jicho tu. Basi akalisafisha, akalirudisha palepale, akalitia vipande vya asbesto kwenye kingo na bolti pande zote. Waya wa zamani aliuacha umezunguka, ingawa haushiki tena kitu. Alipoulizwa malipo ya miezi yote ile, alisema sikio la Mukarugwiza lilifanya kazi kubwa kuliko lake, kwa hiyo wanaachiana.

Jumamosi iliyopita mwandishi aliandamana nao kwenda Bugarama. Mbele, Cyusa na mwandishi. Nyuma, Mukarugwiza amevaa mushanana wake wa sherehe, kibuyu cha maziwa mapajani, na Vénuste, ambaye hakualikwa rasmi bali aliamriwa. Kwa mazoea alitaka kushuka sakafuni. Mama alimvuta ukosi wa shati.

"Kala mu kiti kama muntu."

Baada ya Nzahaha barabara inaanza kushuka kuelekea joto. Upande wa kulia, mbali, bonde la mto Rusizi linajitokeza na kujificha, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Kwenye kiti cha nyuma kuna stori, ndizi zinamenywa. Mwandishi anamuuliza fundi sasa anataka nini, maana gereji anayo, jina analo.

Vénuste anafikiri. Anasema anataka kuvuka kwenda Kadutu. Vita vilipopita mara ya kwanza aliogopa, vilipopita mara ya pili aliogopa, na mwaka jana tena mpaka ulifungwa. Hajui kama Mzee Mushagalusa yuko hai. Lakini kama yuko, anataka akae mbele ya kile kiti chake cha mbao, amsimulie habari ya bati, amwambie kwa heshima kwamba sheria yao ilikuwa na tundu.

"Nitamwambia, Mzee, gari inasema kweli, lakini mara ingine ni mbele ya bantu bake tu. Atanitukana sana. Namuomba Mungu nimukute, anitukane."

Mukarugwiza ameligeuzia dirisha uso. Milima ya ng'ambo inapita kwenye kioo.

"Utavuka na pont ya Rusizi?" anauliza.

"Ndiyo, Maman. Kwa miguu. Si mbali."

"Kwa miguu, hapana. Muntu alivuka ile pont kwa miguu tukamungoja mupaka leo." Anakiweka kibuyu sawa. "Utavuka na hii. Cyusa atatupeleka."

"Atatupeleka nani, Maman?"

"Weye na miye. Ukisha kuona Mzee wako, tutapita mu mitaa, tuulize. Iko bantu benye balimujua. Sijauliza hata muntu moja. Sikuwa naweza kupanda gari."

Cyusa hajageuka, lakini mguu wake umeachia mafuta bila yeye kujua, na gari limeingia kwenye mwendo ule, wa polepole, gia ya nne, injini inakoroma kwa chini. Fundi ameshika pumzi. Sote tunasikiliza. Upepo, matairi, maziwa yanacheza kwenye kibuyu. Hakuna kingine.

Mukarugwiza anainama mbele na kumgusa mwanawe begani.

"Cyusa," anasema, "ongeza vitesi. Mutoto ananingoja."

Cyusa anaongeza.